Ngazi ya Sauti: Habari za Kuwafundisha Watoto Kuimba

Katika mwaka wa yubile ni desturi kuhesabu. Huhesabiwa makanisa yaliyojengwa, na mapadre waliowekewa mikono, na shule zilizofunguliwa, na makaburi ya wale waliotutangulia. Hesabu hizo ni njema, nazo zimeandikwa vitabuni. Lakini liko jambo moja lisiloandikwa sana, ingawa kila aliyepita katika shule zetu amelichukua kifuani mwake hata uzeeni, nalo ni kipindi cha kuimba. Mzee aliyesahau hesabu za kugawanya, na majina ya mito aliyokaririshwa, bado aweza kuimba sauti ya pili ya wimbo aliofundishwa alipokuwa na umri wa miaka minane, wala hakosei.

Basi, wasomaji wapenzi, na ninyi waalimu hasa, inafaa tuulize: Desturi ya kuandika d, r, m ubaoni ilitoka wapi? Nani aliyeifikiri kwanza, na kwa nini? Tena, je, ilituletea faida tupu, au hasara nayo ilikuja nyuma yake? Habari hizi ni ndefu, nasi tutazifuata kwa ufupi, kutoka kwa mtawa mmoja wa Italia hata kwa mwalimu mmoja wa Afrika Kusini, na kutoka kwake hata kwetu. Nazo zitatuonyesha neno moja: mtoto afundishwaye kuimba ana haja ya vitu viwili. Cha kwanza ni ufunguo, yaani elimu ya kusoma wimbo mwenyewe. Cha pili ni wimbo wa kwao, yaani sauti iliyo katika lugha aliyonyonya pamoja na maziwa. Mara nyingi waalimu walitoa kimoja wakasahau kingine, na kila waliposahau, watoto walipungukiwa.

1. Kabla ya ubao na chaki

Tusidhani ya kuwa watoto wa nchi zetu walianza kuimba siku ile shule ilipofunguliwa. Mtoto alisikia wimbo wa kwanza mgongoni mwa mama yake, alipobembelezwa apate kulala. Alipokua kidogo aliimba katika michezo ya mbalamwezi. Na jioni, bibi alipotoa hadithi, katikati ya hadithi ulikuwamo wimbo. Bibi alianzisha, watoto wakaitikia, na hadithi haikuendelea mpaka wameitikia vema. Mafundisho hayo yalikuwa na utaratibu wake: kwanza kusikia, kisha kuitikia, kisha kuanzisha. Hakukuwa na kuimba bila makofi, wala bila mguu kugonga chini, na mtoto mwenye sauti nzito hakuambiwa akae kando.

Huko Ulaya nako, miaka elfu iliyopita, watoto walijifunza vivyo hivyo kwa kusikia. Katika nyumba za watawa walikuwako wavulana waliolelewa kwa ajili ya kuimba sala za mchana na usiku. Mwalimu aliimba, nao wakarudia. Akaimba tena, wakarudia tena. Juu ya maneno ya sala ziliandikwa alama ndogo zilizoonyesha ya kuwa sauti inapanda au inashuka, lakini hazikuonyesha inapanda kwa kiasi gani. Kwa hiyo alama zile zilimfaa yule aliyekwisha kuujua wimbo, zikamkumbusha. Ambaye hajausikia hakuweza kuupata humo. Na kwa kuwa mwaka wa Kanisa una sikukuu nyingi, na kila sikukuu ina nyimbo zake, wavulana wale walikaa miaka mingi katika kurudia tu. Mwalimu akisahau wimbo, au akifa nao, basi umepotea.

2. Mtawa aliyechoka kurudia

Karibu na mwaka 991 alizaliwa mtu aitwaye Guido, akawa mtawa wa Mtakatifu Benedikto katika nyumba ya Pomposa, kaskazini ya Italia. Kazi yake ilikuwa kufundisha kuimba. Akaona ya kuwa hata miaka kumi haitoshi kumfanya mtu kuwa mwimbaji kamili, na ya kuwa miaka hiyo yote huliwa na kurudia, hata wavulana hawapati nafasi ya kusoma mambo mengine. Jambo hilo likamsumbua, akatafuta njia.

Njia yake ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza alichora mistari, na kila sauti akaiwekea mahali pake, juu ya mstari au kati ya mistari. Tena akatia rangi na herufi katika baadhi ya mistari, ili jicho lijue mara moja sauti ipi iko wapi. Pili, aliutumia wimbo mmoja wa kumsifu Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao kila sehemu yake huanza kwa sauti iliyo juu kidatu kimoja kuliko sehemu iliyotangulia. Akashika silabi ya mwanzo ya kila sehemu: ut, re, mi, fa, sol, la. Mvulana aliyekwisha kuujua wimbo ule amekwisha kubeba moyoni ngazi yenye vidato sita. Akikutana na wimbo mgeni, hulinganisha sauti na vidato vyake, akaimba bila kuambiwa na mtu.

Guido alisema ya kuwa kwa njia hii mwimbaji aweza kukamilika kwa mwaka mmoja, au miwili kwa wingi. Lakini mambo hayo hayakuwapendeza wenzake wote. Wivu ukainuka katika nyumba ya Pomposa, naye akaondoka akaenda Arezzo, ambako Askofu Theodald alimpokea akampa kazi ya kufundisha waimbaji wa kanisa kuu. Huko ndiko alikoandika kitabu chake kiitwacho Micrologus, karibu na mwaka 1026. Habari zikafika Roma, na Papa Yohane wa 19 akamwita. Papa akakitazama kitabu cha nyimbo, akauliza mengi, wala hakuondoka mahali pake mpaka amejaribu mwenyewe kuimba mstari mmoja ambao hajapata kuusikia. Akauweza, akastaajabu. Guido hakukaa Roma siku nyingi, maana joto la kiangazi na unyevu wa mji ule vilimletea ugonjwa. Lakini kazi yake ilikuwa imekwisha kukubaliwa.

Mpaka leo watu huutaja pia "mkono wa Guido", yaani kuzihesabu sauti juu ya viungo vya vidole, ingawa jambo hilo halimo katika vitabu vyake mwenyewe. Baadaye silabi ya ut ikageuzwa kuwa do, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuimba, na sauti ya saba ikaongezwa, ikaitwa si. Hivyo ngazi ikatimia.

Neno kubwa katika habari hii ni lipi? Ni hili: tangu siku zile mtoto aliweza kuimba wimbo ambao mwalimu wake hajauimba mbele yake.

3. Bibi Glover na shule ya maskini

Ikapita miaka mia nane. Elimu ya kusoma nyimbo ikawa kubwa, tena ikawa ngumu. Ikawa mali ya mabwana wenye vinanda na waalimu wa kulipwa. Watoto wa maskini, na makutano ya Jumapili, walirudi kule kule kwa zamani, kukariri kwa kusikia.

Katika mji wa Norwich, huko Uingereza, alikuwako bibi mmoja jina lake Sarah Glover, aliyezaliwa mwaka 1786. Baba yake alikuwa kasisi wa kanisa moja katika mji ule. Bibi huyu hakuolewa. Alitumia siku zake kuwafundisha watoto wa shule ya Jumapili, na pamoja na dada yake aliangalia shule ya wasichana maskini. Alitaka kanisa zima liimbe zaburi, wala si watu wachache juu ya roshani. Akaona ya kuwa kinachowazuia watoto si sauti zao, bali ni alama nyingi zilizo mbele ya macho yao.

Kwa hiyo aliacha mistari mitano na vichwa vyeusi vya noti, akaandika herufi za mwanzo tu za majina yale ya kale. Lakini hapo alikutana na shida: sol na si zote mbili huanza kwa herufi s. Akaigeuza si kuwa te, na tangu hapo kila sauti ikapata herufi yake peke yake. Kisha akaandika ngazi ya sauti, ubao mrefu unaotundikwa ukutani, herufi zimepangwa toka chini hata juu, pengine mbali na pengine karibu, kama zilivyo sauti zenyewe; maana kutoka mi hata fa, na kutoka te hata do, ni hatua fupi, nusu ya zile nyingine. Mwalimu alishika fimbo, akagusa herufi, watoto wakaimba. Alikuwa nacho pia chombo cha vioo cha kugongwa kwa nyundo ndogo, cha kuwapa watoto sauti ya kuanzia. Mwaka 1835 alitoa kitabu chake, akaeleza utaratibu wote.

Tena alishika jambo moja la maana kuliko yote. Kwake, do haikukaa mahali pamoja. Ni kama nyumba inayohamishika: wimbo ukiwa juu, do iko juu; wimbo ukiwa chini, do iko chini; lakini jamaa wa nyumba hawabadiliki, na mi ni mi siku zote kwa sababu ya ujirani wake na do. Mtoto hujifunza ujirani huo mara moja tu, kisha humfaa katika nyimbo zote.

4. Mchungaji asiyejua kuimba

Mwaka 1841 waalimu wa shule za Jumapili walikutanika katika mji wa Hull. Wakamwomba mchungaji kijana wa madhehebu ya Wakongregesheni, John Curwen, awatafutie njia iliyo bora na rahisi ya kuwafundisha watoto kuimba. Jambo la kushangaza ni hili, ya kuwa Curwen hakuwa fundi wa nyimbo. Alikuwa amejaribu kusoma noti akashindwa. Pengine kwa sababu hiyo alifaa, maana alijua mahali ambapo mjinga hukwama.

Akakipata kitabu cha Bibi Glover, akakisoma, na kwa muda mfupi akaweza kusoma wimbo. Akafurahi kama mtu aliyefunguliwa mlango uliofungwa siku nyingi. Akaanza kuueneza utaratibu ule, lakini alibadili mambo kadha wa kadha bila kuomba ruhusa kwanza, na bibi mwenyewe hakupendezwa na mabadiliko yote. Hata hivyo Curwen alimtaja hadharani kuwa ndiye mwanzilishi, wala hakujipa sifa isiyo yake. Hilo nalo ni fundisho kwa sisi tunaorithi kazi za wengine.

Siku zile zile serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuukubali utaratibu mwingine, uliotoka Paris na kufundishwa London na Bwana John Hullah. Katika utaratibu huo do hukaa mahali pamoja. Nyimbo za mwanzo zilikwenda vizuri; lakini wimbo ulipohamia juu au chini, watoto walipotea, maana ujirani wa sauti ulibadilika na majina hayakubadilika pamoja nao. Makundi makubwa yalianza kwa furaha, kisha wengi wakaacha. Utaratibu wa Curwen ukashinda polepole, si kwa amri, bali kwa sababu watoto waliweza.

Curwen aliweka alama nyepesi za kupima muda: mkwaju mrefu kabla ya pigo zito, nukta mbili kabla ya pigo jepesi, na kistari cha kuendeleza sauti. Mwaka 1863 alisimamisha kiwanda chake cha kupiga chapa huko Plaistow, mwaka 1869 chuo cha waalimu wa sol-fa kikaanzishwa, na karibu na mwaka 1870 akaongeza ishara za mkono: ngumi kwa do, kiganja kilicholala kwa mi, na kadhalika, hata mwalimu asiye na ubao aweze kufundisha chini ya mti. Alikufa mwaka 1880. Miaka miwili baadaye serikali ikaweka sheria ya ruzuku: shule ambayo watoto wake huimba kwa kusikia tu ilipewa nusu shilingi kwa kila mtoto, na shule ambayo watoto wake huimba kwa kusoma ilipewa shilingi nzima. Tazameni basi: hata wenye hazina walikuwa wamekwisha kuona ya kuwa mtoto kukariri wimbo ni jambo moja, na kuusoma ni lingine.

5. Herufi zavuka bahari

Wamisionari walipokwenda Afrika na Madagaska na visiwa vya bahari ya kusini, walichukua utaratibu huu pamoja nao. Sababu yake si ngumu kufahamu. Kupiga chapa mistari mitano na noti zake kunahitaji herufi za chuma za namna ya pekee, na fundi wake. Lakini sol-fa huandikwa kwa herufi zile zile za kawaida. Kiwanda kidogo cha misioni kinachoweza kupiga chapa katekisimu chaweza kupiga chapa wimbo wa sauti nne. Asiye na kiwanda huandika kwa mashine ya taipu. Asiye na mashine huandika ubaoni kwa chaki, na watoto hunakili katika madaftari. Tena kinanda si lazima. Koo za watoto zatosha.

Huko Afrika Kusini, katika shule ya Lovedale, alikuwako John Knox Bokwe, aliyezaliwa mwaka 1855. Yeye alizitumia herufi hizi kuandika nyimbo za watu wake, hata wimbo mkuu wa Ntsikana, Mxhosa aliyekufa mwaka 1821 baada ya kumtungia Mungu sifa kwa sauti za kwao, pasipo kufundishwa noti na mtu. Bila herufi zile pengine wimbo ule ungalikufa pamoja na wazee walioukumbuka.

Naye Enoch Sontonga, aliyezaliwa karibu na mwaka 1873, alisoma Lovedale, kisha akawa mwalimu katika shule ya misioni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Alikuwa na kwaya, na kwa ajili ya wanafunzi wake alitunga nyimbo akaziandika kwa sol-fa katika daftari. Mwaka 1897 alitunga wimbo mmoja wa kuiombea Afrika baraka. Ukaimbwa mbele ya watu mwaka 1899, mchungaji mmoja alipowekewa mikono. Sontonga alikufa mwaka 1905, kijana bado, wala hakujua wimbo wake utafika wapi. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, iliueneza. Mwaka 1912 ukaimbwa katika mkutano wa kwanza wa chama ambacho baadaye kiliitwa African National Congress. Mwaka 1923 Solomon Plaatje aliuimba London ukatiwa katika santuri. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, sauti hiyo hiyo, kwa maneno ya Kiswahili, ikawa wimbo wa taifa, na Watanzania huuimba hata leo. Kaburi la mwalimu yule, lililokuwa limesahauliwa huko Braamfontein, lilitafutwa likapatikana, na mwaka 1996 likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Mwalimu mmoja wa shule ya watoto, daftari moja, na herufi saba: hivyo ndivyo ulivyoanza wimbo wa mataifa.

6. Hasara iliyoingia pamoja na faida

Sasa yafaa tuseme kweli juu ya upande wa pili. Ufunguo ulikuwa mzuri, lakini nyumba iliyofunguliwa kwa ufunguo ule, mara nyingi, ilikuwa nyumba ya wengine. Nyimbo zilizofundishwa zilitoka Uingereza na Ujerumani na Ufaransa. Maneno yakafasiriwa, sauti ikabaki vile vile. Na katika mahali pengi ngoma na nyimbo za wenyeji zilikatazwa shuleni zote pamoja, njema na mbaya, pasipo kupembuliwa.

Shida si fahari tu ya watu juu ya mambo ya kwao. Ni shida ya maana ya maneno. Katika lugha nyingi za Afrika, neno moja likisemwa kwa sauti ya juu lina maana hii, na likisemwa kwa sauti ya chini lina maana ile. Ukiliweka neno hilo katika wimbo unaopanda mahali ambapo lugha inashuka, wamesikia neno lingine, au hawakusikia neno lo lote. Kiswahili hakina shida hiyo, lakini kina mkazo wake. Semeni "barabara", mkikaza silabi iliyo kabla ya ile ya mwisho: ni njia pana. Semeni tena, mkikaza silabi ya pili: maana yake ni sawasawa kabisa. Basi, pigo zito la wimbo wa kigeni likianguka penye silabi isiyo yake, mtoto huimba herufi za Kiswahili, lakini lugha yenyewe haimo. Wengi wetu tumeimba hivyo miaka mingi bila kujua kwa nini maneno mengine hayakuingia moyoni.

Walikuwako walioona. Ephraim Amu, aliyezaliwa mwaka 1899 katika nchi ya Waewe, ambayo sasa ni sehemu ya Ghana, alikuwa mwalimu katika chuo cha waalimu cha Akropong. Alikwenda kwa wazee kujifunza nyimbo zao, akatunga nyimbo za kwaya zinazofuata mwendo wa lugha, akaingiza vyombo vya kienyeji, akavaa nguo za kienyeji kanisani. Mwaka 1933 akaondolewa kazini kwa sababu hiyo. Hakuacha. Alifundisha Achimota, akaenda kusoma London, akarudi. Na mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Ghana kikampa heshima ya udaktari kwa kazi ile ile iliyomfukuzisha.

Naye padre A. M. Jones, wa misioni ya UMCA, aliyekuwa akifundisha waalimu huko Mapanza, katika nchi iitwayo sasa Zambia, alitengeneza mashine ya kuandika mapigo ya ngoma juu ya karatasi inayosogea. Akaona ya kuwa ngoma mbili zinazopigwa pamoja hazianzi mahali pamoja. Kila moja ina pigo lake zito, nazo hupishana kwa hesabu kamili isiyokosea. Jambo ambalo wageni waliliita makelele lilikuwa elimu, tena elimu ngumu kuandikwa kwa vistari na nukta za Curwen. Hapo twaona mpaka wa ngazi ile: ilipima kupanda na kushuka kwa sauti vizuri sana, lakini mapigo ya kwetu yaliipita kimo.

7. Vitu viwili vyaunganishwa

Ulaya nako palikuwa na mtu aliyeiona hasara kama hiyo. Mwaka 1925 Zoltán Kodály, mtunzi wa nyimbo wa Hungaria, aliwasikia wasichana waliokuwa wakisomea ualimu wakiimba njiani katika vilima vya Buda. Nyimbo zao zilikuwa duni, nao ndio watakaofundisha watoto wa nchi nzima. Akahuzunika, akaanza kutunga kwa ajili ya watoto. Alikuwa amekwisha kutembea vijijini miaka mingi akikusanya nyimbo za wakulima; sasa akachukua do inayohama na ishara za mkono za Curwen, akaziunganisha na nyimbo hizo za kwao. Alikuwa akisema ya kuwa mwalimu wa kuimba katika mji mdogo ni mtu mkubwa kuliko mkuu wa jumba la opera, kwa sababu mkuu akishindwa huondolewa, lakini mwalimu mbaya huua upendo wa nyimbo katika watoto wa miaka thelathini. Mwaka 1950 shule ya kwanza ya msingi yenye kipindi cha kuimba kila siku ilifunguliwa Kecskemét, mji aliozaliwa.

Na kwetu vilevile mlango ukafunguka. Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alitunga misa ya Kiswahili kwa sauti za Kiafrika, kisha mwaka 1963 akatoa kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza ya kuwa muziki wa wenyeji upewe heshima yake katika nchi za misioni, na waalimu waandaliwe kwa jambo hilo, hata liingie shuleni. Kwa Walutheri, Howard Olson wa Makumira alikusanya pamoja na wanafunzi wake nyimbo za makabila mengi ya Tanzania, zikatiwa maneno ya ibada na kupigwa chapa.

Lakini mfano ulio mzuri kuliko yote uko Kenya. Mwaka 1963, uhuru ulipokaribia, kamati ya watu watano iliwekwa kutengeneza wimbo wa taifa; mmoja wao alikuwa Graham Hyslop, mwalimu wa muziki. Wakatafuta sauti katika nchi yenyewe, wakaichagua sauti ya wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo, wa kando ya Mto Tana. Wimbo wa mgongoni mwa mama ukasimamishwa mbele ya majeshi na bendera.

8. Neno kwa waalimu

Basi tuna nyimbo mbili za taifa, za nchi mbili jirani. Mmoja ulitoka katika daftari la mwalimu wa shule, uliandikwa kwa ufunguo. Mwingine ulitoka kwa mama asiyehitaji daftari, ulikuwa wimbo wa kwao. Mwalimu wa watoto asichague kati ya viwili hivyo. Achukue vyote viwili, na kwa utaratibu.

Kwanza, waulize watoto wimbo wanaoimba nyumbani, uimbwe kwa makofi na kwa mguu, wala usiwasahihishe haraka. Pili, tafuta ndani yake sauti mbili au tatu tu, uzionyeshe kwa ishara za mkono, hata mtoto aone kwa macho jambo ambalo sikio lake limekwisha kulijua. Tatu, ziandike ubaoni. Nne, andika mstari mfupi wasiopata kuusikia, kisha nyamaza. Hapo ndipo kazi ilipo. Mwalimu anayeanza yeye kila mara huwafanya watoto kuwa mwangwi wake; anayenyamaza na kungoja huwafanya kuwa waimbaji. Tano, kabla ya kuweka maneno katika sauti yo yote, yasome kwa mdomo kama watu wasemavyo sokoni, usikilize mkazo uko wapi, na sauti iyafuate maneno. Sita, usimtoe nje mtoto asiyeweza bado. Curwen mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Katika vitabu vya miaka ijayo yataandikwa makanisa na shule, kama ilivyo desturi. Kipindi cha kuimba pengine hakitaandikwa. Lakini mtoto mmoja wa darasa la pili, atakayesimama mbele ya ubao asubuhi moja na kuimba mstari ambao hakuna aliyemwimbia, ataondoka na kitu ambacho mtawa Guido alikitafuta akafukuzwa kwa ajili yake. Naye akiutambua katika mstari ule wimbo wa bibi yake, kazi yetu imetimia.